Kalori nyingi ziko kwenye mafuta, siyo kwenye kiini

Kama unataka kupunguza kalori kwenye sandwichi ya yai, kutoa kiini hakukuokoi sana, yai zima kubwa lina kalori kama 70 hivi na kiini peke yake ni kama 55, wakati kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kinakaribia 120 na mayonezi nayo haiko mbali, soma tu lebo utaona. Bana hapo kwanza: pakaza mafuta kiduchu kwenye frampeni isiyoshika, au chemsha tu yai ulikate slaisi, halafu jaza nyanya na mboga za majani, sandwichi inakuwa nene bila kuongeza kalori za maana. Jibini ukishindwa kuiacha weka slaisi moja nyembamba. Ila kama daktari kakwambia upunguze viini sababu ya kolesteroli, hiyo ni hesabu nyingine.