Kufungua uwakala wa bima: je, kamisheni yake ni halali?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Nilipunguzwa kazini miezi minane iliyopita. Sasa kampuni kubwa ya bima inataka nifungue ofisi ya uwakala, nilipwe kamisheni kwa kila bima nitakayouza: ya gari, ya nyumba, ya maisha. Ustadhi mmoja ameniambia wakala hana dhambi kwa kuwa mkataba ni wa kampuni na mteja. Mke wangu anaona nikubali, maana watoto wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa ajili ya hao watoto. Mwenyezi Mungu akufungulie, ndugu yangu.

Uharamu wa riba na kamari, zinazoingia katika bima ya kibiashara, unaujua, ndiyo maana umeuliza. Basi nianze na huyo ustadhi, kwani kauli yake imeenea na imewaponza wengi. Jabir (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alimlaani mla riba, anayeilipa, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema: "Wao ni sawa." Hadithi hii ameipokea Imamu Muslim. Huyo mwandishi hakula riba. Kazi yake ilikuwa kalamu tu. Wakala ni zaidi yake. Yeye humtafuta mteja, humshawishi, humjazia fomu, hukusanya ada, na kila mkataba humwongezea pato. Ikiwa aliyeketi na kalamu hakusalimika, mwenye kuwazungukia watu atasalimika kwa hoja gani?

Ipo kauli nyingine yenye uzito zaidi, nayo ni ya Sheikh Mustafa al-Zarqa, mwanachuoni mkubwa, Allah amrehemu. Yeye aliijuzisha bima, akaifananisha na kumlipa mlinzi: wote wawili hukuuzia utulivu wa moyo. Namheshimu, lakini mfano huu haukai. Mlinzi anakesha, umelipia usiku wake, mwizi aje asije. Kampuni ya bima hailindi gari lako hata saa moja. Inapokea pesa leo kwa ahadi ya pesa kesho, hujui ni kiasi gani wala kama zitakuja. Hiyo ndiyo gharar, na Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ya gharar, kama alivyosimulia Abu Hurayra katika Sahih Muslim. Na bima ya maisha inayokurudishia ulichoweka pamoja na nyongeza, hiyo ni riba ya wazi. Jopo la fiqhi la Makka lilipoiharamisha bima ya kibiashara mwaka 1978, ni al-Zarqa peke yake aliyetofautiana nao. Jopo la Jeddah nalo liliamua hivyo mwaka 1985.

Utawasikia pia wakisema bima ni kusaidiana. Kusaidiana walikojua Mtume na Maswahaba ni kule kwa Ash'ari, watu wa kabila moja la Yemen: chakula kikipungua vitani, walikusanya walichonacho katika nguo moja wakagawana sawasawa. Hakuna aliyekunja kilichobaki akakiita faida yake. Kwenye bima hii, usipopata ajali, pesa yako huishia kwa wenye hisa.

Mwenye gari aliyelazimishwa na sheria kukata bima ana udhuru. Udhuru huo ni wake. Hauhamii kwako wewe unayefungua ofisi kwa hiari. Wala dharura hujaifikia, maana una afya na njia nyingine zipo. Uwakala wa bima hiyo haufai, na kamisheni yake si halali.

Lakini usiikatae kampuni kabla ya kuuliza jambo moja: je, wana takaful, yaani bima ya Kiislamu ya kuchangiana? Kampuni kubwa kadhaa siku hizi zina kitengo hicho. Jina lisikutoshe. Uliza kama mfuko wa wachangiaji umetengwa na mali ya kampuni, kama ziada ni ya wachangiaji, pesa zinawekezwa wapi, na ni masheikh gani wanaokagua. Majibu yakiwa safi, fungua ofisi yako kwa takaful peke yake, na sharti hilo liandikwe katika mkataba.

Mkeo usimsomee fatwa hii kama hukumu ya mahakama. Anachoogopa ni njaa, naye ana haki. Keti naye, pigeni hesabu ya matumizi pamoja. Shuleni nenda wewe mwenyewe ukaombe kulipa ada kidogo kidogo. Na mwambie imamu wa msikiti wako hali yako ilivyo: mwenye mahitaji yasiyotoshelezwa ana fungu katika zaka, na kulipokea si aibu.

Wallahu a'lam.