Toa upepo kwanza, winchi baadaye

Mwaka niliopata Prado yangu, ile ya zamani yenye injini ya dizeli ya 1KZ, hela yote ya korosho iliishia puani mwa gari. Bampa la chuma, winchi (mashine ya waya ya kujivuta ukikwama), na taa ndefu juu ya kioo. Watoto wa mtaani kwetu Mikindani walikuwa wakiisindikiza kwa kelele kila nikitoka, nami nikaamini kabisa kwamba hakuna pori la kunitisha kuanzia Rovuma hadi Liwale.

Miezi miwili baadaye nilikuwa nimepiga magoti Msimbati, nafukua mchanga chini ya tairi kwa sahani ya pilau, na bahari inajaa.

Ilikuwa bamvua, mwezi mpevu, jambo ambalo mtu aliyezaliwa pwani hana udhuru wa kulisahau. Mchanga wa kule ni mlaini, na kila nilipokanyaga mafuta gari lilizidi kujichimbia kaburi. Winchi nilikuwa nayo, ndiyo. Waya wake mita 28. Mnazi wa karibu ulikuwa mbali mara mbili ya hapo, na hata ungefikika, sidhani mwenye mnazi angetazama tu nikiukaba kwa waya wa chuma.

Akatokea mzee mmoja na jarife lake begani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akalizunguka gari polepole, akabonyeza tairi kwa kidole gumba.

“Upepo umetoa?”

“Bado, babu.”

“Sasa unachimba nini, mwanangu?”

Akaokota kijiti, akafungua kifuniko cha valvu, akabonyeza. Tairi likapiga mluzi. Tukafanya hivyo yote manne mpaka mbavu zikatuna pale chini kama tumbo la aliyeshiba. Nikaweka foowili ya lo, ile gia ya nguvu inayovutisha magurudumu yote manne, nikaachia klachi taratibu, gari likatoka kama vile halikuwahi kukwama. Winchi haikuzunguka hata mara moja.

Kwa hiyo ukiniuliza uanze kununua nini, nitakuambia geji ya upepo na kompresa ndogo ya kujazia upepo, ya kuchomeka kwenye betri. Siku ile sikuwa na kompresa, nikarudi kuelekea Mtwara mwendo wa baiskeli mpaka kwa fundi pancha, na bodaboda zinanipita. Barabarani natembea na psi (kipimo cha upepo kwenye geji) 32 hadi 35. Njia mbaya ya udongo na mawe nashusha mpaka 25 hivi. Kwenye mchanga 16 au 18, na nikiwa nimezama hasa, 12, ila hapo unatambaa bila kukata kona kali, maana tairi laweza kutoka kwenye rimu. Ukipunguza upepo, tairi linarefuka pale linapogusa chini, uzito unatawanyika, gari linaelea juu ya mchanga badala ya kuupasua. (Na ukiwa Msimbati kumbuka hiyo ni hifadhi ya bahari, kasa wanataga pale. Uliza kwanza wapi panaruhusiwa kupita gari.)

La pili ni matairi yenyewe. Mimi nilihangaika sana na saizi. Rafiki zangu walinishauri nitoke 265/70 R16 niende 285/75 R16, gari lisimame kibabe. Piga hesabu kabla hujatoa hela: tairi lile ni kubwa kwa asilimia 7 hivi. Kama geji yako ya mwendo ilikuwa sahihi, sasa ikisoma 50 wewe unakwenda 53 na nusu, na kijijini ukipigwa tochi, trafiki hataki hadithi ya saizi ya matairi. Gari linakuwa zito kuondoka, tairi linakwangua fenda ukikata kona, na likichanika ukiwa njiani, hiyo saizi kubwa utaisubiri kutoka Dar. Nilibaki na 265, lakini nikachukua yenye plai 10 (unene wa matabaka ya tairi), kashata, yaani meno yake, za wastani, siyo yale ya matope matupu yanayovuma lamini kama ndege. Plai ndiyo inayokuokoa huku, kwa sababu adui wa tairi ni visiki vya mashamba mapya na mawe ya njiani, na vyote viwili vinachana ubavu. Ubavu ukichanika hauzibiki. Spea iwe saizi ileile.

Halafu ndipo uje kwenye springi na shokapu, na hapa wengi wanakosea kama nilivyokosea mimi, yaani wanaanza na kimo cha gari wakati wangeanza na uzito. Chukua karatasi. Bampa na winchi vilinila karibu kilo 90 mbele. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo madumu mawili ya lita 20 ni kilo 40 kabla hujahesabu dumu lenyewe. Dizeli ni nyepesi kidogo, lita 40 ni kama kilo 34. Ongeza watu wanne, hema, jiko, na keria ya chuma juu. Ukimaliza kujumlisha, mwonyeshe fundi hiyo karatasi, achague springi za mzigo huo. Mimi nilifungiwa springi ngumu za kubebea mizigo mikubwa, nikawa natembea mtupu: gari likaruka kama mbuzi njia nzima, na keria ikapasuka kwenye miguu yake kwa mtetemo wa barabara iliyojikunja kama bati. Kuinua sentimita 5 kunatosha. Zaidi ya hapo, vyuma vya kuzungushia magurudumu ya mbele vinakaa pembe mbaya na raba zake zinapasuka mapema.

Kwenye njia ya kilima cha Tendaguru, Lindi, huwa nawakumbuka wapagazi wa miaka ya 1909 hadi 1913, waliobeba vichwani mifupa ya dinosaria kutoka kwenye kile kilima hadi bandari ya Lindi, ikasafirishwa Berlin. Wale walijua kilo moja ina maana gani. Mimi nilikuwa nabeba jeki ndefu ya kilo nyingi ambayo gari langu halikuwa na hata mahali pa kuinuliwa nayo.

Snokeli, lile bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu, nayo ina wapenzi wake. Inasaidia, hasa kiangazi ukiwa nyuma ya gari jingine linalotimua vumbi, kwa sababu inavuta hewa ya juu. Ila kwa maji, kama viungo vyake havijazibwa vizuri mpaka kwenye eyakilina (chujio la hewa), ni pambo. Nilichopuuza mimi ni vipumulio, yaani vitundu vya hewa, vya difu, lile boksi la gia kwenye ekseli. Difu likiwa la moto ukaliingiza kwenye maji ya baridi, linavuta pumzi, na kama kipumulio ni cha chini linavuta maji. Fundi wa Nachingwea alifungua difu langu yakatoka mafuta ya rangi ya chai ya maziwa. Mipira michache ya kupandisha vile vipumulio hadi usawa wa injini ingegharimu pesa ndogo sana kuliko beringi nilizonunua.

Mwenye 1KZ kama mimi, rejeta kwanza kabla ya urembo wowote. Kichwa cha injini hii ni cha aluminiamu na hakisamehe joto. Mbegu za majani marefu zinaziba rejeta bila wewe kujua, basi funga wavu wa dirishani mbele yake. Chandarua usifunge, matundu yake ni madogo mno, kinazuia hewa. Na kiangazi kila ukisimama chungulia chini, nyasi kavu zikijikusanya kwenye ekzosi zinawaka.

Tangi la ziada sikuona haja. Nangurukuru hadi Liwale ni kama kilomita 230, na tangi langu la lita 90 linafika na kubakiza. Taa ndefu niliitoa, kwa sababu usiku siendeshi. Mifuko ya upepo badala ya springi, tafadhali acha, labda uwe na uhakika wa kuitengeneza ukiwa Liwale.

Matope ya mbuga, ule udongo mweusi, sijapata kifaa chake. Tairi linajaa, linakuwa duara laini kama tikiti, na gari linateleza hata likiwa limesimama. Kati ya Desemba na Aprili mimi njia zile siendi, na mvua ikinikuta nasimama, nachemsha chai, nasubiri jua la siku mbili.

Winchi sasa ipo stoo, imefunikwa gunia. Kuna jamaa mwenye Hilux anaiulizia kila wiki. Nimemwambia aje na geji yake ya upepo tuzungumze.