Mtoto Aliyekosa Shule Jana, Muulizie Leo

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimefundisha madarasa ya chini, la kwanza na la pili, katika vijiji vya Uporoto huku Mbeya. Ukitaja utoro, wazazi wengi wanamfikiria yule kijana wa darasa la sita anayejificha kwenye mikaratusi mpaka wenzake watoke shule. Yupo, ila wa namna hiyo ni wachache. Watoro wengi niliokuwa nao darasani ni watoto watiifu kabisa, wanaokosa shule kwa ruhusa ya nyumbani. Leo kabaki kumshikia mama mtoto, Alhamisi kaenda gulioni, wiki ijayo kuna viazi vya kuchimba. Hakuna anayeshtuka, kwa sababu kila mara ni siku moja tu.

Sasa tupige hesabu. Mwaka wa masomo wa shule ya msingi una siku 194. Zigawe kwa siku tano za wiki, unapata wiki 39 hivi. Mtoto anayekosa siku ya gulio kila wiki anapoteza siku 39 kwa mwaka, karibu wiki nane za masomo. Akienda hivyo kuanzia la kwanza mpaka la saba, anakuwa amekosa siku zaidi ya 270. Huo ni mwaka mzima wa shule, na miezi juu yake. Na mtoto huyu hajaacha shule hata mara moja! Jina lake lipo kwenye rejista miaka yote saba, na mwezi wa tisa anaingia kwenye chumba cha mtihani pamoja na waliokuwepo kila siku. Hesabu hii huwa naiandika ubaoni kwenye kikao cha wazazi, kwa tarakimu kubwa, kisha nanyamaza kidogo. Inawaingia kuliko hotuba.

Ndiyo maana neno langu kubwa kwa mzazi, kwa mwalimu mwenzangu na kwa kamati ya shule ni hili: mtoto akikosa shule, aulizwe siku hiyo hiyo, ikishindikana kesho yake asubuhi. Utoro wa siku moja una sababu moja, tena mara nyingi ni ndogo na ina dawa. Ukisubiri wiki tatu, juu ya ile sababu ya kwanza kunaongezeka aibu, hofu ya fimbo, na masomo yaliyompita. Hapo hata ukiondoa ile ya kwanza, mtoto harudi.

Walimu, tuanze na rejista. Tumezoea kuisoma kwa mlalo, jina kwa jina, tukitafuta nani kakosa sana. Isome pia kwenda chini, siku kwa siku. Ukifanya hivyo mwisho wa mwezi utaona mambo ambayo majina hayakuonyeshi. Safu ya siku ya gulio ina mapengo kuliko nyingine. Wiki ambayo malori ya viazi yamejaa kijijini, watoto wa kitongoji kimoja wamepungua wote. Wasichana wa la sita na la saba, fulani na fulani, wanakosa siku mbili tatu kila mwezi, karibu tarehe zile zile. Hao usiwaite mbele ya darasa kuwauliza. Mwalimu wa kike azungumze nao faragha, na shule iwe na taulo za kike kabatini, maji, na choo chenye mlango unaofungwa.

Mwezi wa saba mmoja niliona kwenye rejista yangu Jumatatu ina mapengo mengi kuliko Jumanne, wiki baada ya wiki. Nikaenda jioni kwa mtoto mmoja wa darasa la pili anayelelewa na bibi yake. Nikamkuta bibi jikoni, na juu ya mafiga kumefungwa kamba, kwenye kamba kuna sweta ya shule. Sweta ilikuwa inanuka moshi, kifuani imekauka, lakini mikono bado inadondosha maji. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, karibu moto." Nikamuuliza habari za mjukuu. Akaishika ile sweta kwenye mikono akanionyesha. "Nimefua jana Jumapili, mwalimu. Unaona mwenyewe. Nimtoe na baridi hii bila sweta, aje aumwe kifua?"

Wanaoijua baridi ya Isyonje, ya Makete au ya Njombe mwezi wa sita na wa saba wataelewa kwamba bibi alikuwa anasema ukweli. Ukungu unashuka mchana kutwa, nguo nzito haikauki kwa siku moja, na mtoto ana sweta moja. Tulikubaliana mambo mawili. Nguo za shule zifuliwe Ijumaa mtoto akirudi tu, zipate siku mbili za kukauka. Na kwa upande wa shule, nilimwomba mwalimu mkuu turuhusu sweta ya rangi yoyote, hata ya mtumba, mpaka baridi ipungue. Jumatatu zikajaa. Mzazi unayesoma hapa, kama kwenu ni kwa baridi, fua Ijumaa. Mwalimu, usimrudishe mtoto nyumbani kwa sababu ya rangi ya sweta.

Baridi ina ndugu yake, giza. Mwezi wa saba huku kwetu jua linachomoza karibu saa moja asubuhi, kwa hiyo mtoto anayeanza safari saa kumi na mbili anatembea gizani. Watoto wa kitongoji kimoja waondoke pamoja, wakubwa wakiwa na wadogo, na wazazi wapeane zamu ya kuwavusha mtoni wakati wa masika. Penye umbali mkubwa kabisa, kijiji kisichoke kudai shule shikizi, yaani madarasa machache ya karibu na nyumbani, kwa ajili ya wale wadogo.

Sasa viazi. Hapa naomba walimu wenzangu tuwe na adabu, kwa sababu kuna wanaomwendea mkulima kana kwamba ni mtu asiyempenda mwanawe. Madaftari, sare, sukari, bati la nyumba, vyote vimetoka kwenye viazi. Dalali akipiga simu kwamba lori linakuja kesho, baba anatafuta kila mkono uliopo, na mtoto wa miaka tisa anaweza kubeba ndoo kutoka kwenye tuta hadi kwenye gunia. Ukimwambia tu "mtoto aje shule" hujamsaidia kitu.

Mimi huwa naanza na kazi yenyewe. "Baba, pole na viazi. Mwaka huu mnachimba lini?" Akinijibu, ndipo nasema: "Basi Jumamosi na Jumapili ni zenu, sitazungumza neno. Siku za shule, huyu wa darasa la pili tunamruhusu mapema kuliko wakubwa wake. Akitoka, apumzike, ale, kisha akusaidie kidogo. Lakini asubuhi niachie mimi." Wengi wanakubali, kwa sababu umewapa njia na hujawavunjia heshima. Asiyekubali mara ya kwanza, mrudie. Na ukikuta shamba ni kubwa na mikono ni haba kweli, zungumza na jirani zake. Vijiji vyetu vinajua kulimiana kwa zamu, na kuchimba kwa zamu kunawezekana pia. Nimeona familia zikifanya hivyo, hakuna mtoto aliyekosa kipindi.

Kwa mzazi naongeza hivi: usimpe mtoto zawadi ya gulioni kwa siku aliyokosa shule. Mandazi, kandambili mpya, soda, vinunuliwe siku nyingine. Mtoto wa miaka minane akishajua kwamba kukosa shule kuna soda ndani yake, umempa kazi ngumu mwalimu, na wewe mwenyewe.

Kuna sababu moja ambayo wazazi wengi hawaioni, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Mtoto wa darasa la kwanza anajifunza kusoma kwa hatua: herufi na sauti zake, silabi, maneno, ndipo sentensi fupi. Kipindi chake ni dakika 30. Akikosa siku tatu wakati wenzake wanaunganisha silabi, siku ya nne anaingia darasani anakuta wanasoma maneno. Ni kama mtu aliyefika shambani wenzake wameshapalilia mpaka tuta la kumi, yeye hajui aanzie wapi. Hasemi. Anatazama mdomo wa jirani na kuutikisa wake. Ukimsikiliza kwa mbali utadhani anasoma.

Wiki mbili baadaye anaanza kuumwa tumbo asubuhi. Mama, sikiliza: tumbo linalouma saa kumi na mbili na kupona saa nne, siku za shule tu, mpeleke zahanati kwanza ujiridhishe, maana watoto huumwa kweli. Akionekana hana ugonjwa, chukua daftari lake, kaa naye, mwambie akusomee ukurasa wa jana. Usimkemee. Mwonyeshe herufi mojamoja na ungoje. Mara nyingi utagundua maumivu yalipo. Kama wewe mwenyewe husomi vizuri, mwambie kaka yake au dada yake aliye darasa la tano amsikilize. Kisha njoo utuambie. Mzazi akija kusema "mwanangu ameachwa na wenzake hapa", ametuokolea miezi.

Na mwalimu, mtoto huyo akirudi, apokewe. Sisemi abembelezwe, nasema tu asipokewe na fimbo. Mtoto anayejua kwamba siku ya kurudi ni siku ya kuchapwa ataahirisha siku ya kurudi, na siku moja inakuwa wiki. Njia ninayoitumia ni nyepesi. Namkalisha dawati moja na mwenzake anayesoma vizuri na asiye na kejeli. Wakati wengine wanakunywa uji, nachukua dakika kumi namrudisha kwenye silabi alizokosa, na simwiti kusoma mbele ya darasa mpaka nione ameziweza. Uji wake namwekea. Darasa likiwa na watoto wengi huwezi kufanya hivi kwa wote, najua, lakini watoro wa jana si darasa zima. Ni wawili, watatu.

Kuhusu uji na michango, kwa kifupi. Elimu ya msingi haina ada, lakini chakula cha shule bado kinategemea sana mahindi na maharage ya wazazi. Mzazi ambaye hajatoa debe lake anaona aibu, na badala ya kuja kuzungumza anamficha mtoto nyumbani. Njoo uzungumze. Omba muda mpaka mavuno, au jitolee kuni, maji, au siku ya kupika. Na kamati ya shule ihakikishe deni la debe linadaiwa kwa mzazi, kikombe cha uji kisinyimwe mtoto.

Sheria ipo. Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyeandikishwa anahudhuria mpaka amalize elimu ya msingi, na mtendaji wa kijiji anaweza kumwita asiyetimiza. Siipingi, na kwa wanaowatoa watoto wa darasa la tano kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam, jambo ambalo Iringa na Njombe wanalijua vizuri, naomba itumike bila kuchelewa. Ila kwa mzazi wa siku ya gulio, barua ya mtendaji iwe hatua ya mwisho. Kabla yake kuna simu ya mwalimu wa darasa, kuna mjumbe wa kamati anayekaa kitongoji hicho hicho, kuna bibi wa mtoto. Kamati ikitenga fedha kidogo za vocha kwa walimu wa madarasa ya chini, simu ya "mama, leo sijamwona, mzima?" itapigwa asubuhi ile ile.

La mwisho ni la walimu na wakuu wa shule, na linahusu siku ya kufungua. Januari na Julai, wiki ya kwanza, madarasa huwa nusu tupu. Wazazi wanasema bado hawajamaliza kununua sare na madaftari. Lakini waulize watoto, watakwambia: siku ya kwanza ni ya kufyeka majani na kufagia, hakuna kusoma. Wako sahihi. Basi tufundishe siku ya kwanza. Kengele ikilia, majina yaitwe, somo lianze, hata kama wapo kumi na wawili, na majani yafyekwe baada ya vipindi. Funga shule kwa kuwaambia hivyo watoto na wazazi: "Jumatatu ya kufungua, saa mbili kamili, tunaanza hesabu mpya." Kisha timiza. Mwaka wa kwanza watakuja wachache. Muhula unaofuata, waliokosa watakuwa wamesikia kutoka kwa wenzao kwamba somo lilianza bila wao.