Kete Moja Kwenye Udongo Mweusi

Tulikuwa sita, kusini mwa Nairobi, tumejipanga mstari mmoja, mita tano tano kati ya mtu na mwenzake, macho chini, tukitafuta mabaki ya watu wa kale. Kabla ya saa tatu asubuhi nikaona kitu cheupe. Nikainama, nikakiokota, nikawapigia wenzangu kelele. Kete, gamba la konokono wa baharini, mgongo wake umetolewa ili ipite uzi, na bahari iko zaidi ya kilomita 400! Ikapita mkono kwa mkono. Iliporudi kwangu sikujua tena nilikuwa nimeiokota wapi.

Ungekuwa uwanja wenye vigae mia vya vyungu, kigae kimoja kupotea mahali pake si msiba. Kete iliyo peke yake habari zake zote ni pale ilipolala. Kwa hiyo ukiiona, mikono nyuma. Chomeka kibendera, piga picha ya karibu ukiwa umeweka rula na mshale wa kaskazini, kisha nyingine ya mbali inayoonyesha mti au kilima. Andika kama imelala kifudifudi au chali.

Halafu hakikisha kweli iko peke yake. Sisi hushika kamba ya mita 10, mmoja katikati, wengine wanazunguka kwa magoti. Mara kadhaa tumepata kigae au kipande cha obsidiani, kioo cha volkano, ambacho hakuna aliyekiona tukiwa wima. Mkikosa, andikeni kwamba mlitafuta mkakosa.

Udongo wetu mweusi, huu unaong'ang'ania viatu, ni tapeli. Kiangazi hupasuka nyufa za kutumbukiza mkono. Mvua ikinyesha hufura na kuzifunga. Cha juzi hudidimia, cha kale hupanda juu, basi kina hakikuambii umri. Andika kuhusu nyufa, mashimo ya ngiri, hata rundo la mchanga wa ujenzi lililo karibu. Hata gamba la konokono mkubwa wa nchi kavu ukilikuta chini, usidhani lilizikwa na mtu. Konokono hujichimbia mwenyewe kungoja mvua. Na kwenye fomu, penye nafasi ya umri, jizuie. Watu wamevaa kete mpaka karne hizi za karibuni. Mimi huandika "haujulikani", na sioni aibu.

Kuhusu GPS: ramani zetu za zamani za 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa vipimo vya mahali uitwao Arc 1960, ilhali simu yako hutumia mwingine, WGS84. Ukivichanganya, kete inahama karibu mita 300. Niliwahi kurudi mahali kwa vipimo vya aina hiyo nikajikuta ng'ambo ya barabara, katikati ya mbuzi wa watu.

Usiioshe, usiipake vanishi. Ifunge kwa karatasi laini ndani ya kikopo kigumu, lebo mbili za penseli, moja ndani na moja nje. Kama huna kibali, iache palepale. Na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 inataka Makumbusho yaarifiwe ndani ya siku 7.

Fomu ya kete yangu ya kwanza bado ipo. Penye mahali niliandika: "karibu na mgunga, takriban." Msimamizi wangu alipiga mstari mwekundu chini ya "takriban" akanirudishia bila neno.