Maswali yenu: riba, dola na Benki Kuu

Wiki hii wengi mmeuliza mambo ya CBK, yaani Benki Kuu ya Kenya, nimechagua manne.

"Benki Kuu kila mara yateremsha riba, mbona loni yangu ya duka haishuki?" (Muuza leso, Biashara Street)

Dadangu una haki kukasirika. Reti ya Benki Kuu, ile riba ya kuyaelekeza mabenki, ilikuwa asilimia 13 Februari 2024, ikaanza kushuka Agosti mwaka huo mpaka ikafika asilimia 9 mwezi wa Desemba 2025, na ile kamati ya sera ya fedha ikikaa kila baada ya miezi miwili hutoa taarifa yake hadharani. Benki zetu sasa! Kupandisha ni mbio, kuteremsha mpaka zisukumwe. Nenda tawini uombe kwa maandishi hesabu ya riba yako, ngapi inafuata reti ya soko na ngapi benki imejiongezea yenyewe. Ukiambiwa "ni sistimu" usiondoke.

"Dola imeganda kwenye 129 siku nyingi, kuna mtu anaishikilia?" (Ejenti wa klearing, Kilindini)

Swali tamu hili. Bei kutulia si kosa, kinachonitia wasiwasi mie ni bei imetulia na dola zenyewe hazipatikani. Mwanzoni mwa 2023 tuliyaona hayo hapa hapa, bei kwenye tovuti ya CBK ni moja, ukienda benki watajiwa nyingine ya juu tena waambiwa usubiri, kontena limelala bandarini na storeji inahesabu. Gavana Kamau Thugge alipoingia Juni mwaka ule akasema waziwazi kwamba shilingi ilikuwa imeshikiliwa juu kuliko thamani yake. Ukweli uliuma, shilingi ikaporomoka mpaka dola ikafika kama 160 Januari 2024, na watu wana hofu ya ile Eurobond, deni la serikali kwa wawekezaji wa nje, ya dola bilioni 2 iliyokuwa ilipwe Juni. Februari serikali ikauza nyingine ya bilioni 1.5 kulipia sehemu kubwa ya ile, hofu ikapoa, waliokuwa wamefukia dola wakakimbilia kuziuza. Kwa hivyo kaka angalia mambo mawili: dola wazipata kwa bei iliyoandikwa? Na ile taarifa ya CBK ya kila Ijumaa, akiba yake ya fedha za kigeni inatosha kuagiza bidhaa miezi mingapi (wanatakiwa wajitahidi isipungue minne). Akiba ikianza kuyeyuka na bei haitikisiki, hapo sasa uliza nani kashika.

"Wasema mfumuko umeshuka, mbona nazi na unga Kongowea bei ni ile ile?" (Mama vitumbua, Likoni)

Mama, mfumuko wa bei ukishuka bei hazirudi nyuma, zapunguza mwendo tu. Hesabu yenyewe hutolewa na KNBS, ofisi ya takwimu ya taifa, kila mwisho wa mwezi, CBK kazi yake ni kuhakikisha inakaa kati ya asilimia 2.5 na 7.5. Ama nazi, gavana hana mnazi, hiyo ni mvua ya Kilifi na Kwale.

"Kwani rais hawezi kuwaamrisha wachapishe noti deni liishe?" (Kijana, Kisauni)

Hapana, Kifungu cha 231 cha Katiba kinasema CBK haielekezwi na mtu wala ofisi yoyote. Tulishaonja bwana, uchaguzi wa 1992 pesa zilimwagwa na 1993 mfumuko ukapita asilimia 40, waulize wazee wako nyumbani. Lakini kukopa Katiba haijakataza, na serikali yakopa kweli kweli, kila Alhamisi kuna mnada wa dhamana za muda mfupi na CBK hutangaza zimeuzwa kiasi gani kwa riba gani. Anza kuyasoma hayo matokeo kabla hujaniuliza deni.