Baridi yabisi na sonona: diklofenaki haitamtoa huko mdogo wako

Mkuu umeuliza kama kweli sonona (depression) inaletwa na inflamesheni, yaani ule uvimbe na joto kinga ya mwili ikiwa inapambana, na kama mdogo wako mwenye baridi yabisi ambaye siku hizi hata chumbani hatoki aendelee na diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kila siku na maji ya manjano, kama alivyoambiwa na jamaa wa duka la dawa. Mimi nina baridi yabisi toka nimalize chuo na sonona nimeipitia, so ngoja niandike ninavyojua.

Huyo jamaa kashika nusu ya habari. Uhusiano upo. Si unajua ukipigwa malaria chakula hukitaki, watu huwataki, unageukia ukutani tu ulale? Hapo kinga ya mwili inamwaga kemikali zinaitwa saitokaini, ndo zinaupa ubongo taarifa kwamba unaumwa tulia. Malaria ikitibiwa zinakata. Baridi yabisi sasa kinga inashambulia viungo vyako wewe mwenyewe, miezi, miaka, na hizo kemikali zipo tu. Mimi kuna kipindi nilikuwa najua ugonjwa unataka kupanda hata vidole havijavimba, maana nilikuwa naona simu ya mama inaita naiangalia mpaka inakata na wala hatujagombana.

Na ushahidi upo mzuri tu. Wagonjwa wa homa ya ini C zamani walikuwa wanachomwa interferoni ambayo yenyewe ni saitokaini, wengi wakaangukia kwenye sonona katikati ya matibabu wakati kabla hawakuwa nayo. 2001 ikatoka tafiti ya wagonjwa 40 wa melanoma, ile kansa ya ngozi, nao walikuwa kwenye interferoni, waliotanguliziwa paroksetini ambayo ni dawa ya sonona waliopata sonona ni 11%, waliopewa vidonge visivyo na dawa 45%.

Ila watu wakisikia hivyo wanaruka moja kwa moja kwenye dawa za maumivu, hapo ndo sikubaliani. 2013 kule Atlanta walichukua watu 60 wenye sonona sugu wakawapa infliksimabu, dawa kali inayozima saitokaini moja inaitwa TNF. Kwa ujumla haikuishinda dripu isiyo na dawa! Waliopata nafuu ni wale ambao CRP yao (kile kipimo cha damu cha inflamesheni) ilikuwa juu ya 5, wenye CRP ya chini ndo kwanza walifanya vibaya kuliko ambao hawakupewa dawa. Maana yake wapo ambao sonona yao ina inflamesheni ndani yake na wapo ambao haina kabisa, usiwaweke kapu moja.

Kwangu methotrekseti, dawa ya baridi yabisi inayotuliza kinga, ilipokolea, na inachukua wiki kadhaa msikate tamaa mapema, uchovu ulipungua sana, asubuhi nikawa nafunga vifungo vya shati mwenyewe. Lakini kichwani bado. Usingizi hakuna, kulia bila sababu, na kuna mawazo sikumwambia mtu. Mpaka nesi wa kliniki aliponiuliza nalalaje ndo yakatoka yote, daktari akaniongezea fluoksetini, dawa ya sonona, na nikawa naenda kuongea na mshauri. Na tusidanganyane, sio kila kitu ni saitokaini, nilikuwa nimepoteza kazi na mchumba kaondoka, hiyo hakuna kipimo cha damu kinaionyesha.

So mdogo wako mpeleke kliniki, waangalie CRP au ESR (nayo ni kipimo cha damu cha inflamesheni) kama ugonjwa wa viungo umetulia, na hapohapo mseme wazi habari ya kujifungia chumbani, msisubiri waulize, wengi wanaangalia vidole tu. Akigusia kwamba bora afe usingoje tarehe ya kliniki, nenda naye hospitali siku hiyohiyo.

Manjano anywe tu kama anayapenda. Diklofenaki ya kila siku bila daktari kujua hapana, ina mambo yake na vidonda vya tumbo na figo, na akija kuanzishiwa fluoksetini huku anaimeza, hatari ya kuvuja damu tumboni inapanda zaidi. Mkienda bebeni na paketi zote za dawa anazotumia, hata zile za dukani.