Banda la ziwani kwa familia: anza na maji, godoro baadaye

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mbezi aliniandikia baada ya kuona picha zetu za Matema, ufukwe wa Ziwa Nyasa. "Dada, na sisi tunataka kwenda na watoto likizo ya mwezi wa sita, tulale kwenye mabanda karibu na ziwa. Mama mkwe naye anakuja. Tuchague wapi?" Nilimjibu kwa kifupi siku ile, lakini swali lake linastahili jibu refu, maana najua tuko wengi tunaotaka kitu hicho hicho. Tunataka watoto wanaokulia Dar waijue nchi yao nje ya geti la nyumbani, na pesa tuliyoidunduliza mwaka mzima iende mahali panapostahili.

Nianze na maneno niliyoyasikia kabla ya safari, kwa sababu na wewe utayasikia. Wifi yangu aliandika kwenye grupu la familia, mbele ya wote: "Watu wanatoka bara kuja kuona bahari, nyie mnaiacha bahari mkalale vibandani?" Wengine wakafuatisha vicheko. Sikujibu neno, ila liliniuma, na sitadanganya kwamba limeshaisha. Kigamboni tunakwenda. Bagamoyo tumekwenda. Lakini ufukweni Jumapili kila baa ina spika yake, na jioni kila mtu anawaza foleni ya kivuko. Bandani mnapika pamoja, mnakula sahani moja, na hakuna anayekimbilia kurudi. Mwanangu mkubwa, ambaye nyumbani hujibu neno moja moja, alikaa barazani na bibi yake mpaka usiku akisimuliwa mafuriko ya Rufiji ya enzi za ujana wake. Kwetu Kimara hawajawahi kukaa hivyo, ingawa wanaishi nyumba moja.

Sasa kuchagua. Watu wengi huanza na picha za vyumba, wakishapenda kitanda ndipo wanauliza ziwa lipi. Mimi nilianza na ziwa.

Manyara, Natron na Eyasi ni maziwa ya magadi, ya kutazama. Natron ndiko flamingo wadogo wa Afrika Mashariki wanakotagia, na pale Mto wa Mbu kuna kambi na mabanda ya kufikia ukitaka kuiona Manyara. Lakini mtoto aliyefungasha nguo ya kuogelea hatakuelewa. Ziwa Babati lina maji baridi, yasiyo na chumvi, ila viboko ni wenyeji pale, na kiboko hutoka majini usiku kwenda malishoni. Banda lenye majani mazuri hadi ukingoni linaweza kuwa limekaa kwenye njia yake. Duluti pale Tengeru na Chala kule Rombo ni maziwa ya kreta, yaani mashimo ya volkano yaliyojaa maji. Yanafaa kwa matembezi na ndege wa kuangalia, lakini kingo za Chala zinashuka kama za kisima, na mimi nilikuwa na mtoto wa miaka minne.

Yanabaki yale makubwa matatu. Victoria ndilo kubwa kuliko yote Afrika, Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, Nyasa takribani mita 700. Kwetu Nyasa lilishinda kwa sababu tulikuwa na gari letu na barabara ni moja tu: Morogoro, Iringa, Makambako mpaka Uyole, halafu unakata kushuka Tukuyu kuelekea Kyela. Tulilala Iringa njiani kwa ajili ya magoti ya bibi. Safari yenyewe siielezi, barabara hiyo mnaijua.

Matema ipo kona ya kaskazini ya ziwa, chini ya Milima ya Livingstone. Upande mmoja mlima unaingia majini moja kwa moja, upande mwingine kuna mchanga na kokoto. Mabanda yapo ya watu binafsi na ya taasisi za dini, ya bei za juu na za chini. Asubuhi mitumbwi inarudi na samaki, usipa na mbasa, unanunua pale pale, wali wa Kyela unapikwa nyuma ya banda, na mama mkwe wangu, bibi wa watoto, alisimamia jiko kama yuko kwake. Siku moja tukapanda boti kwenda kuona vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa mwambao ule, kule Ikombe. Bibi alikagua vyungu kimoja kimoja kwa kuvigonga na kidole, akachagua viwili, akavishika mapajani njia nzima mpaka Dar. Wifi yangu sasa anaulizia namba ya simu ya mabanda yale. Nimempa.

Lakini raha ile haikuja kwa bahati. Ilikuja kwa simu. Kabla ya kulipa senti nilipiga simu na kuuliza, nikapiga tena, na nilipoona majibu yanazunguka niliachana na sehemu hiyo nikapiga kwingine. Nilijifunza kuwa hivyo baada ya kuumizwa. Tuliwahi kufikia kambi moja, jina naliacha, ambayo picha zake zilipigwa kutoka juu, ziwa limejaa kioo cha simu. Tulipofika, kati ya banda na maji kulikuwa na matete marefu na tope, na njia pekee ya kufika majini ilipita kambi ya jirani, kwa malipo. Usiku genereta ilizimwa mapema na pampu ikafa nayo, watoto wakalala bila kuoga. Nilipomlalamikia meneja akaniambia, "Mama, maji si unayaona?" Mume wangu alitaka tumalize mambo kwa upole. Mimi sauti ile bado ninayo masikioni.

Kwa hiyo, ndugu zangu, pigeni simu. Uliza kati ya mlango wa banda na maji kuna nini: mchanga, mawe, matete, uzio, barabara? Mwombe mhudumu akurekodie video fupi akitembea kutoka mlangoni mpaka ukingoni bila kukata. Mwenye mahali pazuri huituma ndani ya saa moja.

Kisha uliza kuhusu mamba na kichocho, na uliza tofauti, kwa sababu hapa wazazi wengi wanachanganya. Utaambiwa, "Hapa salama, watoto wa kijiji wanaogelea kila siku." Kwa mamba, jibu hilo lina uzito, wenyeji wanajua mamba anaonekana wapi na miezi gani. Kwa kichocho, jibu hilo hilo linaweza kuwa onyo. Ugonjwa huu unapita kwa konokono wa maji baridi, na konokono huambukizwa na haja ya binadamu inayoingia ziwani. Pale ambapo watu wengi wanaoga, wanafua na kuchota, penye majani na maji yaliyotulia, ndipo hatari inapokuwa kubwa. Vijidudu vya minyoo yake vinapenya ngozi ndani ya dakika chache, na hutoka kwa konokono kwa wingi jua la mchana likiwaka. Kichocho kipo katika maziwa yote matatu makubwa, asikudanganye mtu. Sisi tuliogelea asubuhi, penye mawimbi na mchanga mtupu, mbali na matete na midomo ya mito, na watoto walijifuta kwa taulo mara tu walipotoka. Wiki kadhaa baada ya kurudi tukawapeleka kupimwa, maana ukipima mapema mno minyoo huwa bado haijaanza kutaga. Dawa yake, praziquantel, ipo na inafanya kazi. Usiache ziwa kwa ajili ya kichocho, ila usiende bila kukifikiria.

Jambo jingine ambalo watoto wa Dar hawalijui: maji ya chumvi humwinua mtu kuliko maji baridi. Mtoto anayeelea vizuri Kigamboni atajikuta anazama zaidi ziwani na kuchoka haraka. Na ziwani hakuna kupwa wala kujaa kunakomwonyesha sakafu ilivyo. Upande wa milima hatua chache tu zinakutoa kwenye goti na kukupeleka kwenye kina kirefu. Nunua majaketi ya kujiokolea hapa hapa Dar, ya saizi ya mtoto, usitegemee ya kambini. Na hapa nasema kwa uchungu, wazazi wenzangu: mtoto akiwa majini, mtu mzima mmoja awe kazini. Si kuchoma nyama huku anachungulia. Si kujibu meseji. Nimeona akina baba wamekaa kivulini na chupa zao, migongo kwa ziwa, kila mmoja akiamini mwenzake anaangalia. Mtoto anazama bila kelele. Sisi tulipeana zamu, na aliyekuwa zamu simu yake ilibaki bandani, mimi nikiwamo.

Kuhusu banda lenyewe sina mengi. Chandarua kisichotoboka na wavu dirishani, kwa sababu ukanda wa ziwa una malaria. Choo ndani kama una mzee au mtoto mdogo. Uliza umeme ni wa TANESCO, sola au genereta, na unazimwa saa ngapi. Uliza kama unaruhusiwa kupika mwenyewe, na bei ya Mtanzania ni ipi, kwa shilingi, kwa maandishi. Usione aibu kuuliza bei. Ukilala ndani ya hifadhi ya taifa, kiingilio ni gharama nyingine juu ya chumba na huhesabiwa kwa saa 24, piga hesabu hiyo mapema.

Sasa nirudi kwa dada wa Mbezi. Mwezi wa sita Kyela ni wakati mzuri; mvua kubwa za Machi mpaka Mei zinakuwa zimepungua na njia zimekauka. Ila kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini husukuma mawimbi mpaka kona ile ya kaskazini, na kuna siku boti hazitoki. Usipange safari ya Ikombe siku ya mwisho. Ipange mwanzoni ili upepo ukigoma mbaki na siku nyingine. Bebeni masweta, si kwa ajili ya Matema, kwa ajili ya Tukuyu na Mbeya, ambako mwezi huo baridi ni kali na mama mkwe hatakusamehe. Mwombee banda lisilo na ngazi, la karibu na jiko. Ukimpata meneja anayejibu haya yote bila kukwepa, tuma kianzio siku hiyo hiyo na utunze ujumbe wa malipo, kwa sababu likizo ikikaribia mabanda yenye choo ndani ndiyo yanayoisha kwanza.